Azimio lilisema 7200: kisa cha kompyuta ya chama cha kahawa, Moshi

Usuli

Chama kinachozungumzwa hapa ni chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Majina ya chama, kijiji na watu yameondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa somo yamebadilishwa ili asitambulike mtu.

Ofisi ya chama ina kompyuta moja tu ya maana. Ni kompyuta mpakato ya daraja la maofisini, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita, RAM 4GB, hadi diski ya 500GB inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na Windows 10. Betri inakaa nusu saa hivi. Anayeitumia ni karani, dada wa miaka ishirini na kitu, na kazi yake kubwa ni kitabu kimoja cha Excel chenye orodha ya wanachama na kila kilo iliyopita kwenye mizani. Nje ya msimu hakuna anayeilalamikia mashine. Msimu ukianza, kuanzia Julai, karani hukaa leo kituo hiki, kesho kile, na siku nyingine vituo viwili kwa siku, akisafiri kwa bodaboda na mashine ikiwa kwenye begi la mgongoni. Wakulima wamepanga foleni, gunia liko kwenye mizani, na skrini bado inazungusha kile kiduara.

Azimio la kamati

Katikati ya Julai 2024 kamati ilichoka. Mwanachama mmoja ana kijana anayesoma Arusha. Kijana akapigiwa simu, akauliza maswali machache, akasema hadi diski ni ya 5400, itolewe iwekwe ya 7200, na wakati wako hapohapo waweke ya 1TB. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Zamani, SSD, yaani diski za chipu zisizo na sahani, zikiwa bado ghali, fundi yeyote mwenye akili timamu angesema hivyohivyo. Kamati ikaandika kwenye muhtasari: inunuliwe hadi diski ya kompyuta ya ofisi, 1TB, 7200, kwa profoma tatu. Mama mhazini akakabidhiwa kazi.

Alipofika kwenye karakana yetu mjini alikuwa na karatasi tatu mkononi. Maduka mawili yalikuwa yameandika bei ya kile kilichoombwa, bila hata kuuliza ni mashine ya aina gani. La tatu lilisema 7200 hawana, likapendekeza NVMe, yaani SSD ya aina ya kasi zaidi, ya 512GB, "inakimbia 3500". Mhazini hakutaka ushauri wa nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sisi muhtasari tunao. Tunataka mtu wa kutufungia tu."

Tukaomba mashine ibaki mchana kutwa kabla ya kununua chochote. Alikubali kwa sababu karani, aliyekuwa amekaa pembeni, alisema kuna mafaili siku hizi yanagoma kufunguka.

Mashine mezani

Jambo la kwanza lilikuwa kupima saa. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kitabu cha Excel kuwa tayari kuandikwa: dakika tisa na ushee. Wakati wote huo Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inahangaika na nini, ilikuwa inaonyesha diski 100%, prosesa chini ya asilimia 15. Lakini kinachopaswa kutazamwa kwa makini zaidi ni mstari mdogo ulio chini ya ile 100%: kiasi cha data kinachopita. Kilikuwa kinacheza kati ya nusu megabaiti na megabaiti mbili kwa sekunde. Diski ya aina hiyo ikisoma faili moja kubwa lililokaa mfululizo inaweza kufika megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake huku haileti kitu cha maana. Ukiona hali hiyo, ujue mashine inaomba vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na muda wote unaishia kwenye kuvitafuta.

Jambo la pili lilikuwa afya ya diski. Tulifungua CrystalDiskInfo. Rangi ilikuwa ya njano, na kwenye mstari wa C5, unaohesabu sekta (vijisehemu vya diski vinavyotunza data) zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri hukumu, ilikuwa imeandikwa 18 baada ya sifuri nyingi. Wengi huisoma kumi na nane. Programu hiyo, isipobadilishwa mipangilio, huandika namba ghafi kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 18 hiyo ni kumi na sita moja na nane, yaani 24. Kwa uamuzi wetu haikuleta tofauti. Sekta hata chache tu za namna hiyo zinatosha kubadili mpango wa kazi.

Hapo ndipo tulipomuuliza karani swali ambalo hakuna profoma iliyouliza.

"Dada, ukitoka kituo kimoja kwenda kingine, hii huwa unaizima?"

"Nikiizima fundi, kuiwasha ni shughuli. Watu wamesimama. Naifunga tu naweka kwenye begi."

Tukafungua mipangilio ya umeme. Kufunga kifuniko kulikuwa kumewekwa "Do nothing", yaani mashine iendelee kama kawaida. Karani aliyemtangulia ndiye aliyeweka, ili printa isikatishwe kazi mfuniko ukishushwa. Kwa hiyo kwa misimu kadhaa hadi diski ilikuwa inapanda bodaboda kwenye njia za makorongo huku sahani zake zinazunguka mara 90 kwa sekunde na kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali wa nanomita chache.

Hatuwezi kuapa kwamba sekta 24 zilitokana na bodaboda. Hadi diski huzeeka hata ikiwa juu ya meza, na hakuna kipimo kitakachotaja kosa ni la shimo lipi. Ila mnyororo unaonekana. Mashine ilikuwa nzito kuwaka, kwa hiyo haizimwi. Haizimwi, kwa hiyo inatikiswa ikiwa kazini. Sekta zikianza kufa, diski inarudia kusoma pale pale tena na tena kabla ya kukata tamaa, wakati mwingine kwa sekunde nyingi, na mashine inakuwa nzito zaidi ya jana, hivyo karani anazidi kuogopa kuizima. Hili ndilo tulilotaka kamati ilione kabla ya kuzungumzia namba yoyote ya kasi.

Data kwanza

Siku hiyo hiyo, kabla ya mjadala wa nini kinunuliwe, tulianza kunakili. Diski yenye C5 inayopanda haisubiri kikao. Utaratibu ni kuanza na kisichopatikana kwingine: folda ya chama, kisha stakabadhi zilizoskaniwa, kisha mengine. Kila kitu cha chama, tangu kompyuta inunuliwe, hakikufika hata gigabaiti tatu. Sehemu iliyobaki ya zile gigabaiti tisini zilizotumika ilikuwa video za harusi, kwaya, na nakala ya simu ya mtu asiyejulikana. Hiyo ndiyo ofisi iliyokuwa inatafuta 1TB.

Faili moja la msimu wa zamani halikusomeka kabisa. Mengine yote yalitoka.

Kwa ajili ya nakala, mhazini alileta kifaa alichonunua kwa mchuuzi karibu na stendi: "SSD ya nje", 2TB, bei ya kutupa. Windows ilikiona kuwa cha 2TB kweli. Tukakipa H2testw, ambayo hujaza kifaa kwa data na kuisoma tena kuona kama imerudi ilivyoandikwa. Baada ya gigabaiti kama thelathini, yote yaliyofuata yalipotea, ingawa kifaa kilikuwa kinapokea bila kulalamika. Kasha lilipofunguliwa lilikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya simu, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kiwe na uzito mkononi. Mama mhazini alikitazama kile chuma kwa muda, akaomba apewe akaondoke nacho. Nakala zikaenda kwenye flashi mbili za kawaida zilizopimwa.

Kwa nini 7200 isingeokoa msimu

Hesabu yenyewe ni fupi, na inafaa kila fundi aweze kuiandika nyuma ya risiti.

Mizunguko 5400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11.1. Data unayoitaka, kwa wastani, iko nusu mzunguko mbali: milisekunde 5.6. Kabla ya hapo mkono unapaswa kusogea hadi kwenye njia husika, na kwenye diski za kompyuta mpakato hiyo ni kama milisekunde 12. Jumla 17.6. Gawanya sekunde moja kwa hiyo upate safari 57 hivi kwa sekunde. Kila safari ikirudi na kilobaiti 4, umepata takribani kilobaiti 230 kwa sekunde. Vipande vikiwa vikubwa kidogo kuliko hivyo, unafika kwenye ile nusu hadi megabaiti mbili tuliyoiona kwenye skrini. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani mara hamsini, kila safari arudi na kiberiti kimoja.

Sasa weka 7200. Mizunguko 120 kwa sekunde, milisekunde 8.3 kila mmoja, nusu yake 4.2. Mkono ni uleule, 12. Jumla 16.2, safari 62. Umelipia ongezeko la theluthi nzima kwenye kasi ya kuzunguka, na kwenye kazi ya karani umepata safari tano za ziada kati ya hamsini na saba. Theluthi hiyo ungeiona kwenye kunakili video moja ndefu. Karani hafanyi hivyo.

SSD haina mkono wala sahani. Kilobaiti 4 kutoka popote zinachukua karibu sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani safari kama elfu kumi kwa sekunde. Tofauti na 57 haihitaji maelezo.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho kingetuumbua mchana kweupe. Nafasi ya diski kwenye mashine hii ni ya unene wa milimita 7. Hadi diski nyingi za inchi 2.5 zenye 1TB na 7200 zina unene wa milimita 9.5. Maduka yale mawili yangeuza kitu ambacho kifuniko kisingefungika juu yake, na tungebaki tunabishana na muuzaji kuhusu kurudisha.

Machaguo yaliyobaki

Hadi diski chotara, yenye gigabaiti chache za kumbukumbu pembeni, tuliiacha mapema. Bado ina sahani inayozunguka kwenye bodaboda.

NVMe ilihitaji kutazamwa kwa haki, maana muuzaji wa tatu hakuwa mwongo: kwenye PCIe, njia ya data inayotumiwa na NVMe, ya kizazi cha tatu, zipo zinazofika megabaiti 3500 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA, njia ileile ya hadi diski, inaishia kama 550, kwa kuwa SATA yenyewe ina kikomo cha megabaiti 600. Tukafungua mfuniko wa chini. Tundu la M.2, linalopokea kadi kama za NVMe, lilikuwepo, lakini fupi, la kadi ya milimita 42, na mkato wake ni wa aina ya B, ule wa kadi ya laini ya simu. NVMe ya kawaida ina mkato wa M na urefu wa milimita 80. Hapo mjadala ukaisha kwa bisibisi.

Hata tundu lingekuwepo, tusingeipendekeza kwa kazi hii. Ile 3500 hupatikana kwenye faili kubwa, mashine ikiwa inaomba mengi kwa mkupuo. Kwenye vipande vidogo kimoja kimoja, NVMe ya bei ya kati na SSD ya SATA hukaribiana: megabaiti 60 dhidi ya 40 au hapo karibu. Karani asingeweza kuitambua tofauti hiyo hata ukimfunga saa mkononi.

Kilichobaki ni SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na swali la ukubwa. Kwa gigabaiti tatu za chama, 240GB ilikuwa inatosha na kubaki. Tulishauri 480GB kwa sababu mbili: tofauti ya bei ilikuwa ndogo, na SSD za bei nafuu hupungua kasi zikikaribia kujaa. Na kwaya, kwa kadiri ninavyoijua ofisi hiyo, ingerudi tu. Uhai wake wa kuandikwa haukuwa tatizo. Boksi la ile tuliyoichagua linasema terabaiti 160. Ukikadiria gigabaiti 20 kwa siku, ambazo ni nyingi kwa ofisi ile, ni siku 8000, zaidi ya miaka ishirini na moja. Kitu kingine ndani ya mashine kitakufa kwanza.

Bei ilikuja chini kidogo ya profoma ya kwanza.

Kubadilisha azimio

Mhazini alielewa hesabu haraka kuliko tulivyotarajia. Tatizo lake lilikuwa jingine: "Mkaguzi akikuta muhtasari unasema 7200 na risiti inasema SSD, mimi nimwambieje?" Hoja hiyo ni ya kweli, na mafundi wengi huidharau. Fedha ya chama hainunui kitu tofauti na kilichopitishwa kwa sababu fundi amesema.

Tukaandika ukurasa mmoja: dakika tisa, picha ya skrini ya C5, kipimo cha milimita 7, na hesabu ya safari 57 na 62. Kamati ilikaa Jumapili baada ya ibada. Mzee mwenyekiti aliusoma wote, kisha akauliza, "Aisee, sasa hii SSD yenyewe inazunguka mara ngapi?"

"Haizunguki, mzee."

Kikao kilicheka, lakini swali lake lililofuata lilikuwa bora kuliko yote ya siku ile: kitu kisichozunguka kitatupa dalili gani kinapotaka kufa? Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hakitoi. Hadi diski hulia, husuasua, huonyesha C5. SSD inaweza kufanya kazi vizuri leo usiku na asubuhi isionekane kabisa, na kuokoa data kutoka kwenye iliyokufa ni kugumu zaidi. Kwa hiyo kamati iliongeza kwenye azimio nakala ya kila wiki kwenye flashi mbili, moja ofisini na moja nyumbani kwa mhazini.

Azimio jipya lilitaja SSD ya SATA, inchi 2.5, milimita 7, isiyopungua 480GB, mpya, yenye risiti ya EFD na dhamana. Tuliomba pia betri mpya na RAM ya ziada ya 4GB kwa chenji iliyobaki na nyongeza kidogo. Vyote viwili vilikataliwa. Chenji irudi kwenye mfuko.

Kazi yenyewe

Kuna njia mbili: kuhamisha diski nzima ilivyo, au kupakia Windows upya na kurudisha mafaili. Ya kwanza humfurahisha mteja kwa sababu anakuta kila kitu kilipokuwa. Hapa tulichagua ya pili. Programu nyingi za kuhamisha hukwama zikikutana na sekta isiyosomeka, na hata zikipita, unabeba makosa ya zamani pamoja na programu zote zinazojiwasha zenyewe. Leseni haikusumbua. Kompyuta za namna hii zilizotoka kiwandani na Windows 8 au baadaye huwa na ufunguo ndani ya programu kuu ya bodi, hivyo kubadilisha diski hakuugusi.

SSD ilipimwa kabla ya kufungwa, kwa H2testw ileile, mpaka mwisho. Baada ya kile chuma hakuna aliyeuliza kwa nini tunapoteza muda. Kisha kufunga, kupakia, kurudisha folda ya chama, na kurekebisha mipangilio ya kifuniko: ukifunga, mashine ilale.

Matokeo

Kutoka kitufe hadi kitabu cha Excel: chini ya dakika moja. Karani alianza kuizima mashine kati ya kituo na kituo bila kuambiwa mara ya pili.

Wiki ya kwanza alirudi na lalamiko moja. Kila akiandika kilo na kubonyeza Enter, mashine ilikuwa inaganda sekunde kadhaa, kama zamani. Tulipoangalia, diski ilikuwa imetulia kabisa na prosesa ndiyo inahangaika. Kitabu kilikuwa na fomula za kujumlisha kwa kila mwanachama, kila moja ikipitia safu zote za msimu tangu mwanzo, na kila namba mpya ilikuwa inalazimisha hesabu nzima kurudiwa. Tuliweka ukokotoaji uwe wa mkono, ili abonyeze F9 mwisho wa foleni. Foleni ikatembea.

Mwezi Septemba umeme ulikatika ofisini akiwa katikati ya kuhifadhi. Betri ilikuwa inaonyesha asilimia 40, ikazima palepale, kama betri zilizochoka zinavyofanya. Kitabu hakikufunguka tena. Kilirudishwa kutoka flashi ya wiki iliyotangulia, na mizani ya siku nne ikaandikwa upya kutoka kwenye daftari la karatasi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya SSD yenyewe ni kupima kabla ya kununua, na kipimo chenyewe ni cha bure. Task Manager ingekuwa imeonyesha prosesa 100% na diski imetulia, pesa yote ya diski ingekuwa imetupwa. Mfano ulikuwa ndani ya kisa hikihiki: yale mafomula ya Excel yasingesikia SSD wala NVMe. Ingefaa tungekuwa tumeliona tatizo hilo siku mashine iko mezani, lakini diski mbovu ilikuwa imeficha kila kitu kilichokuwa nyuma yake.

Dakika tisa kuwa chini ya moja zisichukuliwe zote kuwa kazi ya SSD. Vitu vitatu vilibadilika kwa pamoja: diski ya aina nyingine, sekta mbovu kuondoka, na Windows safi isiyo na programu za kujiwasha. Anayetaka kumnukulia mteja mwingine namba hizi akumbuke hilo. Kwenye hadi diski nzima yenye Windows ileile, uzoefu wetu ni kwamba badiliko bado ni kubwa, ila si la kiwango hiki kila mara.

RAM iliyokataliwa iliacha deni. Kwa 4GB, Windows 10 na kivinjari vikiwa wazi, mashine huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski. SSD inalivumilia jambo hilo kiasi kwamba mtumiaji haoni, na kwa hiyo hatalilalamikia. Kiwango cha kuandikwa kinaongezeka tu kimyakimya. Si hatari kwa hesabu tuliyofanya juu, lakini ndiyo maana tulikadiria gigabaiti 20 na si tano.

Betri ni suala tofauti, na hapa nadhani kamati ilikosea hata kwa vipimo vyake yenyewe. Ofisi ya mlimani ambako umeme huja na kuondoka ina kifaa kimoja kinacholinda faili lililo katikati ya kuhifadhiwa, nacho ni betri ya mashine. SSD za kawaida hazina hifadhi ya umeme ya kumalizia uandishi zikikatiwa ghafla. Siku nne za kuandika upya, karani akilipwa posho, ziligharimu sehemu nzuri ya bei ya betri. Nakala ya kila wiki, ambayo ilitokana na swali la mzee mwenyekiti na si na ukurasa wetu, ndiyo iliyofanya hasara iwe siku nne badala ya msimu.

Kuna hoja dhidi ya uamuzi wote, na ilisemwa kikaoni na mjumbe mmoja: kwa nini kuweka kifaa kipya kwenye mashine ya zamani? Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba msaada wa Windows 10 utaisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha sita hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, ambayo kwa Intel, ukiacha chache za kizazi cha saba, huanzia kizazi cha nane. Tulijibu kwamba msimu ulikuwa umeshaanza na fedha ya mashine mpya haikuwepo, na SSD hiyo siku ikitoka itaingia kwenye kasha la USB iwe diski ya nakala. Hatukudai kwamba itahamia kwenye mashine mpya, maana kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina tena nafasi ya inchi 2.5.

Namna azimio la kwanza lilivyoandikwa inafaa kutazamwa na kamati nyingine. Liliandika kipuri badala ya shida. Laiti lingesema kwamba kompyuta ya ofisi iwe tayari kwa kazi ndani ya dakika mbili na data ya wanachama iwe salama, mhazini angekuwa na uhuru wa kununua chochote kinachotimiza hilo, na maduka yangelazimika kuiona mashine kabla ya kuandika bei. Kikao cha pili kilichelewesha kazi kwa wiki moja ya msimu.

Mwisho ni hadi diski ya zamani. Mhazini alipendekeza iuzwe ili kupunguza gharama, na mtu wa kuinunua alikuwa amesimama palepale dukani. Tulikataa kuitoa. Ilikuwa na majina ya wanachama, namba zao za simu na kiasi alicholipwa kila mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayekusanya taarifa hizo kuzilinda. Kuifuta kwa kuandika juu yake kusingetosha, kwa kuwa sekta zisizoandikika vizuri zinaweza kubaki na kilichokuwemo. Ilirudishwa kwenye bahasha iliyofungwa, ikaandikwa tarehe na saini mbili, na kuwekwa kwenye kabati la chama mpaka kamati itakapopitisha iharibiwe. Wakati wa kuandika hapa ilikuwa haijapitisha.